Mpira Uliokataa Kupinda

Kama umewahi kupanda gari la mtu mkubwa Riyadh, ukakaa kwenye kiti cha ngozi kikakupokea mgongo kama kilikuwa kikikungoja wewe, basi huenda umekalia kazi ya mikono yangu. Nasema bila haya. Nina karakana tatu za kushona viti vya magari, mbili Jeddah na moja Riyadh, na shule niliishia darasa la sita. Wenye shahada zao hupanga foleni mlangoni kwangu. Nakueleza haya mapema, rafiki yangu, ili ujue anayesema nawe ni nani, na ujue kwamba mtu huyu halizwi ovyo na karatasi.

Lakini juzi juzi karatasi ilinitoa machozi.

Nilikuwa Olaya, hapa Riyadh, katika ukumbi wa hoteli, napima makochi wanayotaka yashonwe upya. Akanijia kijana mmoja mpole, amevaa kanzu nyeupe isiyo na kunyanzi hata moja, akaniuliza kama mimi ni mwana wa yule fundi wa viatu, Mwafrika, aliyekuwa na kibanda Hindawiyah, kule Jeddah. Mimi katika mji huu naulizwa bei, naulizwa siku ya kuchukua gari. Kuulizwa mwana wa nani, sikumbuki mara ya mwisho. Kijana akaniambia anatoka chuo kikuu kimoja cha Jeddah, wanafunzi wanataka kuifufua timu yao ya zamani ya besiboli, na yeye amepewa kazi ya kukusanya historia yake. Mzee mmoja aliyewahi kuichezea amemwambia, mtafute mtoto wa fundi, nasikia siku hizi ana mali.

Akanipa kurasa tisa. Nilisoma polepole, kidole kikitangulia. Nani aliianzisha, walicheza na nani, walifungwa wapi. Ukurasa wa nne nikakuta sentensi hii: "Mipira ilipochakaa ilishonwa upya mjini."

"Mwanangu," nikamwambia, "huo mji ulikuwa na mke na watoto. Huo mji ni baba yangu."

Akacheka, akidhani natania. Basi wewe, rafiki yangu, keti hapo, nikusimulie kilichokosekana ukurasa wa nne.

Sisi tulikaa Hindawiyah, ghorofa ya tatu ya nyumba iliyokuwa imechoka kabla hatujahamia. Baba alitoka Lamu kuja kuhiji, akapata kafili, mdhamini wake wa kazi, mwenye duka la viatu, akabaki, kisha akamleta Mama. Mimi nilizaliwa pale pale. Asubuhi zetu zilianza na harufu mbili zikigombana ngazini: maharage ya ful na mkate wa tamis zikipanda kutoka tanuri la chini, na mahamri ya Mama yenye iliki yakishuka kutoka kwetu. Gari la maji likifika, watoto wa nyumba nzima tulipanga madumu na kutukanana, kila mmoja kwa lugha ya mama yake. Nilijua matusi ya Kihausa, ya Kiburma na ya Kisomali kabla sijajua kusoma. Ila ndani ya mlango wetu Mama hakutaka kusikia kitu kingine isipokuwa Kiswahili. "Kiarabu kivue pamoja na viatu," alikuwa akisema, na sisi tulikivua.

Jioni ya pwani ya Jeddah unaijua? Hewa inakuwa nzito kama shuka iliyofuliwa ikakosa kukamuliwa. Baba akirudi shati limemganda, Mama anamwekea beseni la maji, naye anaosha mikono kwanza, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayeosha vyombo vya wenyewe.

Baba alikuwa fundi wa makubadhi, na aliyewahi kuvaa makubadhi ya Lamu yaliyoshonwa na mtu anayejua, hahitaji maelezo. Jeddah alishona madasi, ndara zao za ngozi, na kutia soli viatu vya kila aina. Alikaa kwenye kigoda kifupi, mkononi ana msharasi wa kutobolea ngozi, mdomoni ana uzi wa katani uliopakwa nta. Akishona hazungumzi, maana mdomo una kazi. Sheria yake ilikuwa moja tu: mguu usijue mshono uko wapi. Alinyoa kingo za ngozi mpaka zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, akashona, kisha akaulaza mshono kwa nyundo juu ya jiwe, akausugua kwa kipande cha pembe. Halafu alifumba macho na kupitisha kidole gumba. Kidole kikikwama hata kidogo, kazi yote inafumuliwa. "Mshono uliosimama ni wa mvivu," ndiyo hukumu yake.

Pamoja na ufundi wote huo, mjini walimwita sadiki. Neno zuri, maana yake rafiki. Lakini huku wanaitwa hivyo watu wote ambao hakuna aliyejisumbua kuwauliza majina. Mfagiaji sadiki, mchukuzi sadiki, mshona viatu sadiki. "Sadiki, yalla, nina haraka!" Baba aliitikia, tena kwa tabasamu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikunja ngumi nyuma ya kibanda.

Sasa, Alhamisi moja akaja mtu mfupi, mwenye miwani na kofia ya jua, anatembea kama anahesabu hatua. Alikuwa Mtaiwani, mwalimu wa hesabu pale chuoni, na ndiye aliyeanzisha ile timu. Sisi baadaye tulimwita Kocha. Alibeba mfuko wa nailoni wenye mipira mitatu midogo, myeupe, imepasuka midomo.

"Muallim," akamwambia Baba, "inawezekana?"

Muallim! Hivyo ndivyo Wahijazi, wenyeji wa pwani ile, wanavyowaita mafundi wakuu, wajenzi, wahunzi, wapishi wa harusi. Pengine Kocha alikuwa amejifunza Kiarabu kitabuni, hajui kuwa neno hilo halipewi kila mtu. Haidhuru. Niliona shingo ya Baba ikirefuka.

Aliupasua mpira mmoja autazame tumbo. Ndani ulikuwa na uzi wa sufu uliozungushwa kwa kukazwa sana, na juu yake vipande viwili vya ngozi vilivyokatwa mfano wa namba nane, vimekumbatiana. Baba alivigeuza geuza kwa heshima. Kisha akautazama mshono, uzi mwekundu umesimama juu ya ngozi kama kovu.

"Aliyekata ngozi hii ni bingwa," akasema kwa Kiswahili, ananiambia mimi. "Aliyeshona alikuwa na homa."

Akaishona ile mipira mitatu kwa namna yake. Mishono mia moja na nane kila mpira, alihesabu ili ifanane na ya mwanzo, na kila mshono akaulaza, akausugua, akafumba macho akapitisha kidole. Ilipomalizika ilikuwa laini kama yai. Kocha alipoichukua aliinama kidogo kwa namna ya kwao. Wiki iliyofuata akaleta mipira minane.

Ndiyo ikawa desturi yetu. Kila Alhamisi alasiri, Baba na mimi tulipanda basi mpaka nyuma ya mabweni ya chuo, ambako kulikuwa na kiwanja cha vumbi, vituo vinne vya magunia yaliyojazwa mchanga, na wavu uliofumuka wa kuzuia mpira. Wachezaji walikuwa wanafunzi na walimu vijana: Wajeddah waliokulia ughaibuni wazazi wao walikokwenda kusoma, Wasudani wawili, Mmisri mmoja mnene aliyeweza kukimbia kuliko wote, Mungu shahidi. Wakituona wanapiga kelele, "Muallim kaja!" Wanamletea kiti cha plastiki, kahawa ya iliki na tende. Nilikuwa nimezoea kumwona Baba akisimama kuwapisha watu. Pale watu walisimama kumpisha Baba. Rafiki yangu, nimenunua vitu vingi maishani, lakini ile alasiri sijui inauzwa duka gani.

Mchezo wenyewe usikutishe. Mtu mmoja anarusha mpira, wa pili ana gongo la kuupiga, wa tatu amechuchumaa nyuma yake kuudaka. Akiupiga mbali, anakimbia kuzunguka vituo. Ujanja wote uko kwa mrushaji. Mrushaji wetu alikuwa kijana mwembamba wa Ruwais, mtaa wa pwani pale Jeddah, babu yake alikuwa mvuvi, mikono mirefu kama kasia. Alikuwa na mpira mmoja wa ajabu: unakuja umenyooka, mpigaji anauona kabisa, anatoa gongo lake, na hapo hapo mpira unapinda na kuanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Gongo linapiga hewa. Kwa mpira huo peke yake, timu ile ilikuwa haigusiki.

Alinipenda yule kijana. Alinipa mpira mmoja mkuukuu wa kiwandani niwe nao, akanifundisha kuupinda: vidole viwili uviweke juu ya mshono, kiwiko juu, kisha kifundo cha mkono ukizungushe kama unafungua kufuli. Nikakaa juu ya dari ya nyumba yetu wiki nzima nikirusha. Nilipofanikiwa mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka jirani wa chini, mama mmoja Mhausa, akapanda na mwiko akidhani tumevamiwa.

Basi Kocha akaandikiana na chuo kimoja cha Riyadh, nao walikuwa na timu. Ikapangwa mechi. Mara ya kwanza timu yetu kusafiri. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wapigaji wetu wenyewe, katika mazoezi, walianza kuupiga mpira wa mrushaji. Kwanza mmoja, halafu wawili, halafu hata mtunza magongo, ambaye hakuwa mchezaji. Mpira haukupinda tena. Ulinyooka tu, mtamu, kama embe lililomenywa. Mrushaji alibadilisha vidole, alibadilisha hatua, alisoma Ayatul Kursiyu, wapi. Katoni ya mipira mipya waliyoagiza ng'ambo ilikuwa haijafika, na mfukoni mwa Kocha sasa mipira yote ilikuwa ya Baba.

"Mkono umekufa, muallim," kijana akamwambia Baba, karibu alie. "Riyadh nendeni. Mimi nitabaki."

Unajua Baba alifanya nini? Alimwomba Mama amchemshie mafuta ya ufuta na karafuu. Kila Alhamisi akamkalisha yule kijana kwenye kile kiti cha plastiki, akamkanda mkono kuanzia bega mpaka vidole, taratibu, anamsomea. Nami nimesimama pembeni, nimeshika chupa ya mafuta, naomba dua iitikiwe.

Ijumaa moja, zimebaki wiki mbili, tumekula wali na samaki wa kupaka, Baba amelala. Nikapanda darini kurusha. Nilikuwa nimeegemeza godoro bovu kwenye tangi la maji, ndiyo shabaha yangu. Nikarusha ule mpira wangu mkuukuu: ukaenda, ukaanguka. Vizuri. Nikachukua mmoja wa mipira aliyoishona Baba, uliokuwa ukingoja Alhamisi. Ukaenda moja kwa moja ukapiga godoro katikati. Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Nikabadilisha, mkuukuu, mpya, mkuukuu, mpya, mpaka bega likawaka moto. Mkuukuu ulipinda kila mara. Wa Baba haukupinda hata mara moja.

Nikakaa chini kwenye saruji ya moto. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nami nilielewa kila kitu kwa mara moja, na nilitamani nisingeelewa. Vidole vya mrushaji havikuwa na pa kushika. Upepo haukuwa na pa kukwaruza. Baba alikuwa ameinyoa mipira mpaka imekuwa mijinga. Nikisema, mrushaji atapona, na Baba atarudi kuwa sadiki. Nikinyamaza, kijana wa watu ataendelea kukandwa mkono usio na ugonjwa.

Nikamwambia Mama. Alikuwa akichambua mchele, na mikono yake haikusimama.

"Una hakika?"

"Nimerusha mara arubaini."

Akachambua kidogo tena. "Mtu mzima ukimwambia kazi yake mbaya, anasikia tusi, hasikii jambo. Usimwambie. Mpandishe akaone mwenyewe."

Baba alipanda kwa kikoi na fulana, bado ana alama ya mkeka shavuni. "Haya, bwana mkubwa," akasema, "nionyeshe hicho kilichokunyima chakula cha jioni." Nikarusha mkuukuu. Nikarusha wake.  "Tena." Nikarusha tena. "Tena." Nilirusha mpaka akaja akanishika mkono. Akaichukua ile mipira miwili, mmoja kila kiganja, akafumba macho, akapitisha vidole gumba. Katika ule mkuukuu kidole kilikwama, kikapanda, kikashuka. Katika wake kiliteleza kama juu ya kioo.

 Chini mtaani mtu alikuwa akiuza bilila, dengu za kuchemsha, anagonga sufuria kwa kijiko. Hatimaye Baba akasema, na si kwangu mimi, "Kumbe hiki ni kiatu. Kinakanyaga upepo. Mimi nimekinyoa nyayo." Akashuka bila kunitazama, na moyo wangu ukashuka naye.

Wiki kama ile sikuiona tena mpaka leo. Alifumua mipira yote kumi na miwili na kuanza upya, ashone mishono iliyosimama. Wewe unadhani ni rahisi. Mkono uliofundishwa miaka thelathini kulaza mshono hauulizi ruhusa yako. Anashona kishono, kabla hajafikiri, nyundo imeshakwenda juu yake, tap. Anafumua. Anashona, tap. Mwisho akampa Mama nyundo. "Ikalie," akamwambia. "Hata nikikuomba kwa Mungu, usinipe." Mama akaikalia kweli, akipika, akifuma, akila. Baba akinyoosha mkono bila kujua, Mama anaupiga kofi. "Mafi nyundo," anamwambia, yaani hakuna nyundo, Kiarabu ndani ya mlango wetu, sheria yake mwenyewe ameivunja, na Baba anacheka kwa uzi mdomoni.

Kibandani hakucheka. Mbele ya kibanda kulikuwa na fundi saa, Myemeni, mdomo wake haukuwa na likizo. Alivuka akauchukua mpira mmoja, akautazama ule mshono mwekundu uliosimama, akaita wenzake.

"Njooni mumwone muallim wa besiboli! Yaa muallim, hii umeshona kwa miguu?"

"Kwa miguu," Baba akajibu, "ndiyo maana imesimama."

Wakacheka, wakaenda zao, wakaeneza habari kuwa macho ya yule Mswahili yamekwisha. Kuna wateja hawakurudi. Baba angeweza kueleza. Hakueleza. Alinyoosha shingo akaendelea kutoboa.

Alhamisi tukaenda. Nilibeba mfuko. Njiani nilimwomba, "Baba, wape tu. Usiseme kitu. Watajua ni mipira mizuri, halas, yameisha." Akanitazama. "Na kijana akidhani mkono wake ulikufa ukafufuka, si ataogopa kila siku utakufa tena?"

Tulipofika wakapiga kelele yao, wakaleta kiti. Baba hakukaa. Alisimama katikati ya vumbi, ameshika kofia yake, na kwa Kiarabu chake cha kuokoteza akasema maneno ambayo nayajua kwa moyo.

"Jamaa, kosa ni langu. Mkono wa kijana huyu mzima. Mimi niliwashonea mipira kama viatu, nikaiua. Wiki zote hizi nimempaka mafuta mtu niliyemfunga kamba mwenyewe. Nisameheni. Hii hapa, nimeshona tena."

 Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilingoja lile neno, sadiki, lidondoke.

Mrushaji alichukua mpira mmoja mfukoni. Akaugeuza, vidole vikapata pa kushika. Akarudi nyuma hatua zake, akarusha. Mpira ulikwenda umenyooka, kisha ukaanguka kama mtu aliyekosa ngazi, ukaikwepa mikono ya mdakaji ukampiga gotini, paa! Mdakaji akaruka mguu mmoja, analia na kucheka pamoja. "Yaa muallim, rudisha ile ya zamani! Ile ilikuwa na adabu!"

Uwanja mzima ukapasuka. Kijana wa Ruwais hakucheka. Alikuja mbio, akamshika Baba mabega, akambusu juu ya kichwa, kama wanavyombusu baba zao. Na Kocha alivua miwani akaifuta, akasema polepole, "Mimi nilihisi, wiki mbili sasa. Lakini mtu aliyetengeneza kitu kizuri hivi, nimwambieje?" Akainama, zaidi ya mara ya kwanza. "Muallim," akasema. Safari hii alijua neno hilo linapewa nani.

Riyadh tulikwenda kwa basi, siku nzima ya mchanga na mawe mekundu, na Baba amekalishwa kiti cha mbele karibu na dereva. Mama alitupakia mahamri, kachori na kuku wawili wa kukaanga, vikaisha kabla ya Taif. Riyadh kulikuwa na baridi kavu ambayo mtoto wa Jeddah haijui, midomo ilinipasuka, Mmisri akanivalisha sweta lake nikapotea ndani. Mechi tulifungwa kwa pointi moja, nakubali, kwa sababu Mmisri huyo huyo alijikwaa akiwa anakuja kituo cha mwisho. Lakini haikuandikwa popote kwamba mpigaji wao mkubwa kuliko wote, mtu mwenye mabega kama mlango, alitoa gongo mara tatu akapiga hewa mara tatu, akakaa vumbini akicheka kwa mshangao. Baba aliruka juu. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku hiyo wala baada yake. "Umekanyaga!" alipiga kelele kwa Kiswahili, Riyadh nzima isikie. "Umekanyaga huo!"

Mwaka uliofuata mkataba wa Kocha ulikwisha akarudi kwao. Kijana wa Ruwais alikwenda kusoma ng'ambo, sikumwona tena. Timu bila watu hao wawili ilidumu kidogo, ikapukutika. Kile kiwanja kimejengwa maegesho. Nyumba yetu haipo, ngazi hazipo, harufu zile mbili hazina tena pa kugombania. Baba alirudia madasi na nyundo yake, akafa akiwa na heshima ya mtaa, tukamzika Jeddah. Mama anakaa kwangu, katika nyumba yenye vyumba ambavyo hajavifungua vyote.

Watu wakinisikia nikisimulia hudhani ninachokililia ni utoto. Hapana. Nina mafundi kumi na wanane. Mmoja ni mtu wa Tanga, rika langu, mkono wake mzuri karibu kama wangu. Mwezi uliopita mteja mkubwa alirudisha kiti kimejikunja pembeni. Ngozi ile niliikata mimi, kwa haraka, niko kwenye simu. Mbele ya mteja na mafundi wote nilisema ni mshono wa huyu wa Tanga. Akainamisha kichwa. "Samahani, bosi." Alijua. Nami nilijua kwamba anajua.

Nimeandika haya siku nne, kwa mkono wangu mwenyewe. Leo asubuhi nilimkuta yule fundi wa Tanga amefika kabla yangu, ametandika ngozi mezani, ameniwekea chai ya tangawizi. Mafundi wengine walikuwa wameshaingia. Mimi nina lugha nne, nimebishana na matajiri wakanywea. Nikamwita kwa jina lake, maneno ya Baba, kosa ni langu, yakiwa tayari mdomoni.

"Naam, bosi," akasema, akaweka sindano chini, akangoja.

Nikamwambia chai imekolea.